Aliyepangwa wa Tatu

Mchana ule Mama Redio aliwapanga marubani wawili, wakamjibu watatu.

Alikuwa kwenye chumba chake juu ya stoo, dirisha kubwa mbele yake, feni imekufa, kiatu kimoja amekivua kwa sababu kidole gumba kilikuwa kimevimba. Uwanja ulikuwa wa ndege ndogo za watu binafsi, zile za viti viwili au vinne ambazo wenye pesa hununua wakishachoka kugongana na magari. Hakukuwa na mnara wala wataalamu wa kuongoza ndege. Mwenye uwanja, mwanamume aliyeitwa Kipara hata na mkewe, hakuona sababu ya kuajiri mtaalamu wakati ana mwanamke mwenye sauti ya kusikika. Kisheria kazi ya Mama Redio ilikuwa kusema upepo unatoka wapi na nani yuko hewani, basi. Kipara akamwongezea mzigo.

"Wapange," alimwambia. "Huyu wa kwanza, yule wa pili. Ni watu wazima, lakini ukiwaacha wenyewe watagombania njia kama mbuzi mlangoni."

Akawa anawapanga. Na alikuwa na mtindo wake mmoja, huo ndio uliomponza. Hakuacha mtu aite bila kuitikiwa. Rubani akikohoa tu kwenye redio, yeye hudaka maiki na kusema, "Nimekusikia, baba." Walimpenda kwa hilo. Watu wenye pesa hupenda sana kuitikiwa.

Basi Kipara alikuwa anarudi na ndege yake nyekundu. Akaita. "Wewe wa kwanza, njoo," akaambiwa. Nyuma yake akaita Daktari wa Meno na ndege yake ya njano. "Wewe wa pili, Daktari. Mfuate aliye mbele yako." Halafu ikaingia sauti nyingine. Haikutaja jina, haikutaja namba ya ndege. Ilikuwa sauti kavu isiyo na haraka, kama ya mtu aliyeingiza kichwa kwenye pipa tupu.

"Na mimi?"

Mama Redio alikuwa anakanda kidole chake. Hakutazama nje. "Wewe wa tatu. Subiri zamu yako."

"Nimesikia, Mama."

Hapo ndipo alipoinua kichwa. Marubani wale walimwita Dada, walimwita Mama Redio, mmoja mlevi alimwita mpenzi. Neno Mama peke yake alikuwa anaitwa nalo na mtu mmoja tu duniani, binti yake, na binti yake wakati huo alikuwa chini kwenye banda anafuta kioo cha ndege ya mafunzo. Akatafuta angani. Nyekundu ile pale. Njano ile pale. Ya tatu haikuwepo. Ila chumba kilikuwa kimeanza kunuka manyoya ya kuku, yale yaliyolowa maji ya moto kisha yakababuliwa, na hapakuwa na aliyechinja kuku.

Kabla hajalitafakari hilo, ndege ya njano ikakata kona.

Ilikata mapema mno. Kipara alikuwa bado hajageukia njia, yuko upande, anakuja taratibu kama kawaida yake, na Daktari akajitosa mbele yake kana kwamba yeye ndiye mwenye anga. Mama Redio alipiga kelele kwenye maiki, maneno gani hata mwenyewe hakumbuki. Ile nyekundu iliinua pua, ile ya njano ikapita chini ya tumbo lake, na kati ya magurudumu ya huyu na paa la yule usingeweza kupitisha kitanda.

Walitua wote wazima. Walipotua ndipo vita ilipoanza.

"Ulitaka kuniua!" Kipara alikuja amenyoosha kidole. "Wewe wa pili, wa pili! Hata kuhesabu hujui?"

"Nilimfuata aliye mbele yangu!" Daktari akajibu. "Nimefanya nilivyoambiwa!"

"Aliye mbele yako ni mimi!"

"Wewe nilikuona ulivyokuwa unapita juu ya kichwa changu umeachama. Na ukitaka kujua, gego lako la kushoto limeoza. Aliyekuwa mbele yangu ni ndege nyeupe. Ilikata kona, nikaifuata."

"Nyeupe ya nani?"

"Niijuaje? Haikuwa na namba. Haikuwa na..." Daktari alitazama angani. Akajipangusa jasho kwenye mdomo wa juu. "Haikuwa na kioo. Pale penye kioo palikuwa peupe vilevile."

Kipara alimgeukia Mama Redio aliyekuwa ameshuka ngazi na kiatu kimoja. "Na wewe! Nani ulimpanga wa tatu? Nimekusikia kwa masikio yangu."

"Aliita."

"Nani aliita? Mimi sikumsikia mtu. Nilikusikia wewe tu, unaongea peke yako."

Mama Redio alimtafuta binti yake kwa macho.

Binti yake, ambaye nyumbani na kazini alijulikana kwa jina la Mbishi, alisikia yote. Mama mtu alikuwa amebaki na huyo mmoja. Baba yake alikufa Mbishi angali mtoto mchanga, kwa ugonjwa wa kawaida kabisa, kitandani. Mbishi alikuwa anajifunza urubani kwa kufanya kazi bandani, anafagia, anaosha ndege, na badala ya mshahara Mwalimu anampandisha. Zilikuwa zimebaki siku chache apae peke yake, bila mwalimu pembeni.

"Hupandi," mama yake alimwambia jioni hiyo wakila.

"Nitapanda."

"Kuna kitu huko juu."

"Kuna Daktari wa Meno huko juu, asiyejua kulia wala kushoto. Tangu lini mzembe akawa jini?"

"Nani kataja jini?"

Mbishi akatafuna. "Uso wako."

Ilivyoendelea ni hivi. Chumba cha redio kilianza kuwa na mtu. Asubuhi Mama Redio akifungua mlango, kiti chake kilikuwa kimegeuzwa kutazama dirisha, na hakukuwa na mtu aliyekiacha hivyo. Ile harufu ya manyoya ilikaa kwenye nguo zake mpaka abiria wenzake wa basi wakawa wanamkwepa. Juu ya paa la bati kulikuwa na kucha, si za ndege wala paka, kucha zinazotembea taratibu kutoka pembe mpaka pembe zikizunguka, zikizunguka tena, kwa duara lile lile ambalo ndege hulizunguka uwanja kabla ya kutua. Na kila mchana, jua likiwa utosini, ile sauti kavu ilimwuliza, "Zamu yangu?"

Hapo sasa Mama Redio, mwanamke ambaye hakuwahi kuacha mtu bila kumwitikia, akaamua kunyamaza. Alidhani akimnyamazia ataondoka. Ndivyo tunavyowafanyia wauza mashuka.

Hakuondoka. Alikasirika.

Siku ya kisa cha pili Fundi alikuwa mle chumbani. Huyu ndiye aliyekuwa akitengeneza injini, mtu mpole, mdomo mzito, na alikuwa amepanda kukagua nyaya kwa sababu Kipara alishasema mambo yote haya ni redio mbovu. Angani kulikuwa na ndege mbili, ya Daktari na ile ya mafunzo, na ndani ya ya mafunzo walikuwemo Mwalimu na Mbishi. Daktari akaita. Kabla Mama Redio hajagusa maiki, sauti yake mwenyewe, Mama Redio, na kile kikohozi chake kidogo cha kuanzia, ikasema kutoka kwenye spika, "Wewe wa kwanza, Daktari, njoo."

Fundi akageuka. Akauona mdomo wa Mama Redio. Ulikuwa umefumba.

Mwalimu akaita. Sauti ile ile ikasema, "Wewe wa kwanza, Mwalimu, njoo."

"Dada," Fundi alinong'ona, "Dada, si wewe?"

Mama Redio alitikisa kichwa, akadaka maiki, akabonyeza, akapaza sauti kwamba msimsikilize, pandeni juu wote wawili, si mimi, si mimi ninayesema, lakini kwenye spika hakikutoka alichokisema, kilitoka kicheko chake mwenyewe, kile cha nyumbani ambacho hakuwahi kucheka kazini, na Fundi akang'oa waya wa umeme ukutani, akachomoa na betri akaishika mkononi, na sauti ikaendelea kuwapanga watu wale kwa upole, njoo, njia ni yako, njoo, upepo mzuri, huku dirishani ndege mbili zikielekeana kwenye mstari mmoja kama watu wawili wanaotaka kupita mlango mmoja, moja ikitoka juani na nyingine ikiingia juani, na mama mtu hana cha kufanya ila kupiga kioo kwa viganja na kuita jina halisi la mtoto wake ambalo hakuwa amelitumia tangu amchukue kliniki alipozaliwa.

Mbishi ndiye aliyeona. Mwalimu baadaye alijaribu kusema ni yeye, lakini walipotua ilibidi Mbishi amfungulie mkanda. Mbishi aliusukuma usukani mbele bila kuomba ruhusa, ndege ikazama, na ya Daktari ikawapita juu kwa mlio wa kuziba masikio. Kwenye mkia wa ndege ya mafunzo palikuwa na mchubuko, na ndani ya mchubuko, rangi ya njano.

Mwalimu aliacha kazi siku hiyo hiyo. Hakuchukua hata kofia yake.

"Redio mbovu," alisema Kipara.

"Niliishika betri mkononi, Bosi," alisema Fundi. "Redio ilikuwa inaongea bila betri. Mimi naenda kumleta shangazi yangu. Ukitaka nifukuze."

Shangazi yake alikuwa anaitwa Bi Chafya, kwa kuwa jini akiwa karibu yeye hupiga chafya, na hiyo ndiyo ilikuwa digrii yake. Alikuja nyuma ya pikipiki ya Fundi, mnene, mwenye hasira, amefunga mgongo kwa shuka. Mama Redio alimpokea ngazini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ngazi hizi ni za nini, mnafuga njiwa?" Alipanda akihema. Alipoingia chumbani alipiga chafya mpaka akashika ukuta. Akakaa. Akataka aelezwe toka mwanzo, na Mama Redio alipofika kwenye lile neno, wewe wa tatu, Bi Chafya aliinua mkono.

"Hapo hapo. Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Alitaja jina?"

"Hakutaja."

"Ukampa nafasi." Bi Chafya alimtazama kama mtu anayetazama sufuria iliyoungua. "Mwanangu, majini wanapita angani siku zote. Wana njia zao. Huyu alisikia watu wanaitwa kwa zamu na kuitikiwa vizuri, akatamani. Akauliza. Wewe ungenyamaza pale mwanzo, angepita. Lakini umempanga. Halafu ukawashusha wote, yeye ukamwacha juu. Halafu akikuuliza humjibu. Mimi mwenyewe ningekugonganishia ndege."

"Sasa tufanyeje?"

"Ashushwe. Ashushwe kwa mdomo huo huo uliompanga. Akishagusa ardhi tutamfunga, kama mnavyofunga hizo ndege zenu upepo usizichukue. Na siku hiyo asiruke mtu. Hata kunguru nikiweza nitamzuia."

Kipara alianza kusema habari za wateja. Bi Chafya alimwangalia, akampigia chafya usoni, moja, kubwa, na hakuomba radhi. Kipara akakubali.

Asubuhi yake ndege zote zilikuwa zimefungwa kwenye safu yao, kila moja na kamba zake na vigingi vyake vya chuma. Mwishoni mwa safu waliacha nafasi moja, vigingi vimepigwa, kamba zimelala chini. Hapakuwa na upepo. Bi Chafya alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya majani akijipepea kwa kipande cha boksi. Fundi na Mbishi walisimama nyuma yake. Mama Redio alikuwa na redio ndogo ya mkononi.

"Muite," alisema Bi Chafya. "Mwambie njia ni yake. Usimwambie kingine."

"Wa tatu," Mama Redio alisema. "Njoo. Njia ni yako."

Kisha kitambaa cha kuonyesha upepo, kilichokuwa kimening'inia kama soksi ya mgonjwa, kikasimama wima na kuelekea juu. Mwisho wa njia vumbi likapasuka mistari miwili, na mistari ile ikawa inakuja, bila mlio wa injini, kwa mwendo wa kitu kizito kinachojua kinakwenda wapi, ikaacha njia, ikaingia kwenye majani, majani yakalala chini na kuungua ncha, ikaipita safu nzima ya ndege na kila ndege iliyopitwa ikatetemeka mpaka nati zikalia, na harufu ya manyoya ikawaingia midomoni wakaionja, mpaka kitu kile kikafika kwenye nafasi yake na kusimama, na joto lake likawapiga usoni kama mlango wa tanuri uliofunguliwa, na Bi Chafya akapiga chafya mfululizo akiashiria kwa mkono: funga, funga sasa.

Aliyemshusha ndiye aliyepaswa kumfunga. Mama Redio aliokota kamba ya kwanza na kuirusha juu ya hewa tupu. Haikuanguka. Ililala juu ya kitu. Alipoinama kuivuta upande wa pili, mkono wake uligusa: manyoya yaliyolowa, na chini ya manyoya ngozi, na chini ya ngozi moyo unaodunda. Alifunga. Akafunga ya pili. Alipofika ya tatu, kile kitu kikaongea, na safari hii si kwa ile sauti kavu.

"Mama, unaniumiza."

Ilikuwa sauti ya Mbishi, Mbishi wa utotoni hasa, aliyeamshwa usingizini. Mama Redio akageuka. Binti yake alikuwa nyuma yake, amesimama, amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mama, nimefanya nini? Nilisubiri. Uliniambia nisubiri nikasubiri."

"Usimjibu!" alisema Bi Chafya kati ya chafya na chafya. "Kaza!"

Akakaza. Fundo la mwisho alilivuta kwa mguu kwenye kigingi, na kile kitu kililia kwa sauti ya mtoto wake mpaka fundo lilipokaa. Kamba nne zilikuwa zimenyooka hewani, zimekazana, hazijashika chochote cha kuonekana.

"Sikiliza," Bi Chafya alisema akipangusa pua kwa kanga yake. "Amebaki na sauti hiyo ya mwisho. Sauti hiyo ukiisikia kwenye redio, usiijibu. Wewe ndiye uliyemfunga, wewe ndiye utakayemfungua. Ukiijibu mara moja tu, umempa ruhusa ya kuruka."

"Lakini hiyo ni sauti ya mwanangu. Mwanangu ni rubani."

"Basi awe mshonaji."

Walibishana juu ya hilo nyumbani wiki nzima.

"Kwa hiyo nikiita hunijibu?" alisema Mbishi.

"Sikujibu."

"Hata injini ikizima?"

"Isizime."

"Fundi atanijibu. Nikiwa juu mimi, Fundi akae kwenye maiki, wewe kaa kimya utengeneze chai. Mama, nimefagia lile banda kwa ajili ya hiki kitu kimoja. Sitaacha kwa ajili ya manyoya."

Na mwisho wake alishinda, kama kawaida. Kipara akamruhusu, akapaa peke yake, akatua, akapaa tena. Mama yake alisimama dirishani na Fundi akajibu. Chini mwisho wa safu zile kamba zilikuwa zimekaza vile vile, na watu walijizoeza kupita mbali. Daktari wa Meno pekee ndiye alikuwa na dharau yake. Tangu siku ya mchubuko alikuwa akizima redio kila anaporuka kutoka uwanja ule. "Siongozwi na mashetani," alisema. "Nina macho."

Macho ya mtu anayekodolea vinywa vya watu siku nzima.

Mchana mmoja, Mbishi yuko hewani, zile kamba zilianza kulia. Zilitoa mlio wa chuma kinachovutwa, na kigingi kimoja kikaanza kupanda kutoka ardhini taratibu mbele ya macho ya kila mtu. Fundi akatupa maiki mezani.

"Dada, nakipigilia narudi!" Akashuka ngazi mbili mbili na nyundo.

Mama Redio akabaki peke yake. Aliona ndege ya mafunzo ikigeukia njia, ikishuka, inakuja. Kisha kwenye mwisho wa pili wa njia aliona rangi ya njano. Daktari alikuwa ameshatoka bandani, hakuita mtu, hakusikiliza mtu, na alikuwa anakimbiza ndege aruke, akiwa ameelekea moja kwa moja kule Mbishi anakotokea. Jua lilikuwa nyuma ya Mbishi. Daktari asingemwona mpaka awe naye uso kwa uso, na katikati ya njia kuna kilima kidogo ambacho kinamficha anayeruka asionwe na anayetua.

Akamwita Daktari. Hakuna jibu, redio ya Daktari ilikuwa imezimwa na mkono wa Daktari. Akamwita Fundi dirishani. Nyundo ilikuwa inagonga, hakusikia.

"Mama?" ilisema spika. "Fundi yuko wapi? Niko mwisho, natua. Njia iko wazi?"

Sauti ile. Angeweza kuwa Mbishi. Angeweza kuwa yule wa kwenye kamba. Mama Redio alikuwa ameshika maiki, kidole kiko juu ya kitufe, na mambo haya yote aliyajua kwa pamoja: kwamba hilo ndilo hasa yule wa kwenye kamba alilotaka alifanye, kwamba kigingi kilipandishwa ili Fundi ashuke, na kwamba mtoto wake alikuwa anashuka kuelekea kwenye pangaboi la ndege ya yule mpumbavu na hakuna mdomo mwingine duniani wa kumwambia.

"Mama, nijibu."

Akabonyeza.

"Pinda kulia! Kulia, mwanangu, sasa hivi!"

Ndege ya mafunzo ililala ubavu mpaka ncha ya bawa ikakata majani. Ile ya njano ikachomoza juu ya kilima na kupita pale pale ambapo Mbishi alikuwa.

"Nimemwona!" Mbishi alikuwa anapiga kelele kwenye redio, analia na kutukana pamoja. "Nimemwona, mjinga yule, nimemwona!"

Kisha sauti ile ile, tulivu, haina machozi:

"Na mimi nimesikia, Mama. Naruka."

Kamba zilikatika kwa mpigo. Fundi alirushwa chali, viganja vyake vimeungua, na juu ya bati la stoo kitu kizito kilipita kikipanda, na kioo cha dirisha kikapata ukungu wa pumzi kutoka nje.

Bi Chafya alikataa kuja. Alizungumza kwa simu.

"Umemjibu?"

"Nilimjibu mwanangu."

"Sikukuuliza ulimkusudia nani."

"Nimemjibu, Bibi. Na kesho ningemjibu tena."

Bi Chafya akaguna. "Mtoto mzima?"

"Mzima. Amekaa hapa ananigombeza."

"Basi mzigo umeulipia, bado kuubeba. Kamba ameshazijua, hafungiki tena. Na usimnyamazie, ulishaona akinyamaziwa anafanya nini. Akikuuliza zamu yake, mwambie azunguke tena. Asishuke, asiende kwa watu, asisahaulike. Yule ana utii wa foleni, ndiyo heri yenu. Lakini anakutii wewe, kwa sauti yako. Kwa hiyo kaa hapo."

Ndivyo alivyokaa. Mbishi alikwenda kurukia uwanja mwingine, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakubisha. Daktari aliuza ndege. Kipara alibaki, na wateja wakarudi, kwa sababu pale hakukutokea tena hata kukwaruzana. Watu husema yule mama ana mkono mzuri. Uwanja hauna taa, jua likizama hakuna anayeruka wala kutua, hata yule wa juu, kwa hiyo usiku mama mtu anakwenda nyumbani kula na binti yake. Lakini toka kunapambazuka anakuwa kwenye kiti, na katikati ya kuwapanga marubani wa kweli, anaulizwa.

"Zamu yangu?"

"Bado. Zunguka tena."

"Nimesikia, Mama."

Miaka mingi sasa. Wiki hii amepata homa, koo limevimba. Juzi mchana swali lilipokuja, alifungua mdomo na sauti haikutoka. Alikunywa maji, akajaribu, haikutoka. Kule chini, ndege zote zilizofungwa kwenye safu zikainua pua taratibu, zote kwa pamoja, kamba zikakaza. Alijipiga kifua kwa ngumi mpaka akapata neno moja la kukwaruza: "Zunguka."

Ndege zikashusha pua. Kwenye spika ikaja sauti ile ya mtoto wake, yenye huruma kabisa.

"Unaumwa, Mama. Pumzika. Mlete dada yangu akae hapo, anipange yeye."